Ukuta wa Alizeti

Kwetu, tambarare ya mto Tisza, Oktoba ilikuja na moshi
kama mgeni anavyokuja na viatu vyake.
Vichwa vya alizeti vilishakwenda kukamuliwa,
yamebaki mabua, wima, meusi,
foleni isiyojua kwamba dirisha limefungwa,
na baba yangu Ambrus akipita na kiberiti
bila haraka, kama anayewasha mishumaa ya kanisa.

Moto wa mabua haudumu, alisema. Kweli.
Ulikufa kabla ya chakula cha jioni.
Kikohozi ndicho kilichodumu:
kilipanda naye kitandani, kikaamka kabla yake.

Mimi nilinunua mashine kwa bei ya chuma chakavu
katika kiwanda cha viatu kilichofungwa mwaka niliomaliza shule.
Iligandamiza soli miaka thelathini;
bado ilinuka ngozi, na jasho la akina mama wa zamu ya usiku.
Nikaisimika bandani, palipolala nguruwe zamani.
Jirani Dezső akaegemea ua: "Etelka,
ukimaliza hiyo nyumba ya mabua nijulishe,
nimlete mbuzi wangu karamuni."

Ubao wa kwanza ulivunjika kama biskuti.
Wa pili niliuzamisha ndooni usiku kucha;
asubuhi umevimba, umekuwa uji wenye kingo.
Nikakaa juu ya gogo nikauliza:
nani anakunywa gundi yangu?
Nikapasua bua kwa kisu.
Ndani, kiini: cheupe, chepesi kuliko sufi,
ukikibonyeza kinarudi taratibu
kama mtu anayekumbuka jina.
Mwizi alikuwa huyo.

Basi kata, kausha, saga, chekecha.
Ganda huku, kiini kule.
Chekecha tena. Vumbi puani, kwenye nyusi, ndani ya mkate.
Gundi kidogo, chenga zinyevuke tu, zisilowe.
Funga mashine. Nyuzi mia na themanini.
Subiri dakika nane bila kuchungulia.
Hiyo ndiyo kazi yenyewe; mengine ni mikono tu.

Ubao wa kumi na saba niliukanyaga kwa miguu yote miwili.
Nikaruka. (Nina kilo themanini na mbili, sioni haya.)
Ukanung'unika, haukuvunjika.
Nikamwita Dezső. Akaja na mbuzi wake kweli.
Mbuzi akanusa, akaenda zake.

Na kile kiini, taka ya taka,
sikukitupa. Nilikichanganya na wanga wa viazi,
nikakitandaza kwenye trei, kikakauka
kikawa vigodoro vyembamba
visivyobeba kitu ila hewa.
Novemba nikauvika ukuta wa kaskazini chumbani kwa baba:
kiini ndani, ubao juu,
misumari arobaini na minne,
na yeye kitini, kofia kichwani,
akihesabu iliyopinda.

Usiku ule upepo ulitoka mtoni ukabisha hodi,
haukuingia.
Nikamsikia ameamka. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
akanyamaza, akagonga tena.
"Lile shamba la juu," akasema gizani,
"mwaka juzi, alipokufa mama yako.
Sikuvuna. Sikuchoma.
Yalisimama mpaka theluji. Nayo yamo humu?"

Nilichukua popote nilipoyakuta, nikamjibu toka chumba cha pili.
Mabua hayana majina, baba. Lala.

Hakusema kitu.
Halafu nikasikia miguu ya kitanda
ikikwaruza sakafu, kidogo, ikapumzika, kidogo tena:
mzee wa miaka themanini na moja
anakisukuma peke yake
kuelekea ukutani.